Vyama vya Wanataaluma wa Afya na Ajira za Nje: Njia Nne Zilizolinganishwa

Vyama vya wauguzi, wakunga na madaktari wa Afrika Mashariki haviwezi tena kukaa kimya kuhusu ajira za nje. Julai 2021 Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wahudumu wa afya, na Septemba 2024 ikafikia makubaliano mengine ya ajira na Ujerumani. Tanzania, Uganda, Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023, yenye nchi 55 ambazo upungufu wao wa wahudumu wa afya unatia wasiwasi. Ripoti ya shirika hilo kuhusu uuguzi ya mwaka 2025 inaonyesha kwamba muuguzi mmoja kati ya kila saba duniani amezaliwa nje ya nchi anayofanyia kazi.

Katika hali hiyo chama huvutwa pande mbili. Mwanachama anataka asaidiwe kuondoka bila kutapeliwa, na mwanachama mwenzake aliyebaki zamu ya usiku peke yake wodini anauliza chama kinafanya nini wenzake wakizidi kupungua. Ulinganisho huu umeandikwa kwa viongozi na wajumbe wa mikutano mikuu wanaotakiwa kuchagua msimamo, na pia kwa mwanachama wa kawaida ambaye ada yake ndiyo itakayogharimia msimamo huo.

Vigezo, na swali linalovitangulia

Njia zote nne zimepimwa kwa vigezo vilevile. Cha kwanza ni haki ya mwanachama ya kufanya kazi anakotaka. Cha pili ni hali ya mgonjwa anayebaki. Cha tatu ni uwezo wa chama wenyewe, wa kisheria na wa kifedha, kwa sababu chama cha kitaaluma kama Chama cha Madaktari Tanzania (MAT) au Chama cha Wauguzi Tanzania (TANNA) hakina mamlaka yaleyale ya kujadiliana na mwajiri kama chama cha wafanyakazi, mfano wa TUGHE cha watumishi wa serikali na afya kwa Tanzania au KMPDU cha madaktari kwa Kenya, na vyote hivyo ni tofauti na baraza la usajili, ambalo ni chombo cha dola. Cha nne ni muda ambao matokeo huchukua kuonekana.

Lakini kabla ya vigezo liko swali ambalo vyama vingi hulipita haraka: anayeondoka ni nani? Mmoja ni mhitimu mwenye leseni anayekaa nyumbani kwa sababu serikali haijatoa kibali cha kuajiri. Mwingine ni muuguzi wa chumba cha upasuaji au wa wagonjwa mahututi aliyekwisha kukomaa kazini. Akiondoka wa kwanza, wodi haijapoteza mtu iliyekuwa naye leo asubuhi. Akiondoka wa pili, nafasi yake inaweza kujazwa mwezi ujao na orodha ya watumishi ikaonyesha idadi ileile, ilhali aliyekuwa akijua kuiendesha mashine ya kupumulia na kuwafundisha wageni kuiendesha hayupo tena.

Tofauti hii ilionekana wazi mwaka 2017. Baada ya mgomo wa madaktari wa Kenya uliodumu siku 100, serikali ya Kenya iliomba madaktari 500 kutoka Tanzania, na Rais John Magufuli akakubali. Madaktari wa Kenya walipinga na suala likafika mahakamani, ambako ajira hizo zilizuiwa. Aprili mwaka huo Magufuli akaagiza kwamba madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda Kenya na kukidhi vigezo waajiriwe na serikali ya Tanzania. Madaktari hao walikuwepo muda wote, wamesoma na wana sifa, katika nchi yenye uhaba wa madaktari, na kilichokosekana kilikuwa bajeti ya mishahara na vibali vya ajira. Chama kinachozungumzia uhamaji bila kuwatenganisha watu hawa wawili kitaandika dawa kabla ya kumpima mgonjwa.

Njia ya kwanza: kupigania maslahi nyumbani

Hapa chama kinauchukulia uhamaji kama matokeo, na kinaelekeza nguvu kwenye visababishi, yaani mshahara, posho, upandishwaji vyeo, vifaa na idadi ya watumishi kwa zamu. Hoja yake ni kwamba mtu anayelipwa inavyostahili na kufanya kazi penye glavu na dawa hahitaji kuzuiwa.

Kwa upande wa haki ya mwanachama, njia hii haina doa, kwa kuwa haimfungi mtu yeyote. Tena inawanufaisha wale ambao mjadala wa uhamaji huwasahau, nao ni walio wengi wasio na mpango wowote wa kuondoka.

Kwa mgonjwa, faida ipo lakini inapitia mahali pachungu. Silaha kuu ya chama cha wafanyakazi ni mgomo, na gharama ya mgomo wa wahudumu wa afya humwangukia kwanza mgonjwa asiye na uwezo wa kwenda hospitali binafsi. Nchini Kenya madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, wauguzi wakagoma kwa takriban miezi mitano mwaka 2017, na madaktari wakarudi kwenye mgomo wa siku 56 kati ya Machi na Mei 2024, ambapo malipo ya madaktari walioko kwenye mafunzo kwa vitendo yalikuwa kiini cha mgogoro. Viongozi wa KMPDU walifungwa Februari 2017 kwa kudharau amri ya mahakama kabla ya kuachiwa kwa amri ya mahakama ya rufani. Mimi siamini kwamba migomo hiyo ilikuwa ya kupenda vurugu. Ule wa madaktari ulioanza 2016, kwa mfano, ulitokana na mkataba uliotiwa saini mwaka 2013 na kutotekelezwa. Hata hivyo chama kinachochagua njia hii lazima kiwe kimejiandaa kuijibu familia iliyompeleka mgonjwa hospitali ikakuta mlango umefungwa.

Kuhusu uwezo, njia hii inahitaji chama chenye haki ya kisheria ya kujadiliana, mfuko wa kuwasaidia wanachama wakikatwa mishahara, na wanasheria. Chama cha kitaaluma kinaweza kutoa hoja na takwimu, lakini hakiwezi kuketi mezani badala ya chama cha wafanyakazi, na kikijaribu kufanya hivyo huishia kugombana na chama hicho.

Muda ndio udhaifu wake mkubwa. Ufilipino ilipitisha sheria ya uuguzi mwaka 2002 iliyoweka kima cha kuanzia cha mshahara wa muuguzi wa serikali katika daraja la 15, lakini wauguzi walilazimika kusubiri hadi uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2019 ndipo daraja hilo likatambuliwa kuwa haki yao, na katika miaka yote hiyo 17 ndege ziliendelea kuwachukua. Mambo yanaweza kwenda haraka fedha ikipatikana. Malawi, kupitia mpango wa dharura ulioanza mwaka 2004 kwa msaada wa wafadhili, iliongeza mishahara ya kada muhimu za afya kwa asilimia 52. Lakini mpango huo ulibebwa na wafadhili, na fedha ya mfadhili huwa na mwisho.

Njia hii inakifaa chama cha wafanyakazi chenye wanachama wengi walioajiriwa, hasa pale wanaoondoka ni wale wenye uzoefu na wanaotaja mazingira ya kazi kuwa sababu.

Njia ya pili: kudai kanuni za haki na mikataba kati ya serikali

Chama kinachofuata njia hii hakijaribu kuzuia uhamaji, bali kinataka uwe na utaratibu. Msingi wake mkuu ni Kanuni ya WHO ya mwaka 2010 kuhusu uajiri wa kimataifa wa wahudumu wa afya, iliyopitishwa na Baraza la Afya Duniani baada ya miaka ya shinikizo ambalo vyama vya kitaaluma vilishiriki kulijenga. Baraza la Kimataifa la Wauguzi (ICN) lilitoa tamko lake kuhusu uajiri wa kimaadili mwaka 2001, Jumuiya ya Madola ikawa na kanuni yake mwaka 2003, na mwaka huohuo Chama cha Madaktari Duniani kikatoa miongozo yake huko Helsinki.

Haki ya mwanachama inalindwa, na hapa upo ufafanuzi ambao wanachama wengi wa Tanzania na Uganda hawajapewa. Orodha ya WHO haikatazi mtu kuhama. Uingereza huitumia orodha hiyo kuzuia waajiri na mawakala kwenda kuajiri katika nchi husika, lakini muuguzi wa nchi hiyo anayeomba kazi moja kwa moja kwa mwajiri, kwa hiari yake, anaruhusiwa. Kenya, ambayo haimo katika orodha ya WHO, imewekwa na Uingereza kwenye kundi ambalo uajiri unaruhusiwa kwa masharti ya makubaliano ya serikali hizo mbili. Kwa hiyo muuguzi wa Arusha na muuguzi wa Nairobi wanaweza kufika hospitali moja ya Uingereza kwa taratibu mbili tofauti, na yule aliyepita peke yake ndiye mwenye ulinzi mdogo.

Kwa mgonjwa anayebaki, faida inategemea kilichoandikwa katika mkataba. Mkataba unaosema tu ni wauguzi wangapi wataondoka haumsaidii. Ule unaoelekeza kwamba waajiriwe kwanza wasio na kazi, na kwamba nchi inayopokea ichangie vyuo vya uuguzi au nafasi za mafunzo ya ubingwa, unaweza kumsaidia. Uganda ilipopanga katikati ya muongo uliopita kupeleka Trinidad na Tobago wahudumu wa afya zaidi ya 200, wakiwamo mabingwa, mpango huo ulipelekwa mahakamani na asasi ya kiraia kwa hoja kwamba nchi haikuwa na wataalamu wa kutoa. Mimi nauona mfano huo kuwa onyo dhidi ya mikataba inayoandikwa bila wanataaluma kushirikishwa.

Mzigo kwa chama ni mdogo kifedha lakini mkubwa kwa maarifa, kwani panahitajika watu wanaoweza kusoma rasimu ya mkataba na kuidai nakala yake kabla haijatiwa saini. Mfano mzuri ni makubaliano ya Ujerumani na Ufilipino ya mwaka 2013, ambayo chini yake wawakilishi wa wafanyakazi wana nafasi katika kamati ya pamoja inayofuatilia utekelezaji. Chama cha Afrika Mashariki kinachodai kiti cha namna hiyo hakiombi jambo lisilowahi kufanyika.

Udhaifu wake ni kwamba Kanuni ya WHO ni ya hiari na haina mahakama ya kumwadhibu anayeikiuka. Mwaka 2023 Howard Catton, mtendaji mkuu wa ICN, aliiambia BBC kwamba uajiri unaofanywa na nchi tajiri umevuka mipaka, na hilo lilikuwa miaka 13 baada ya Kanuni kupitishwa. Matokeo huja polepole, na kwa kawaida huja pale tu serikali zote mbili zinapotaka.

Inakifaa chama cha kitaaluma chenye sauti wizarani, na nchi ambayo serikali yake iko tayari kujadiliana au imeshaanza.

Njia ya tatu: kumhudumia mwanachama anayeondoka

Wapo viongozi wanaoiona njia hii kama kuwafungulia watu mlango. Siafikiani nao, kwa sababu mwanachama aliyekwisha kuamua ataondoka, na tofauti ambayo chama kinaweza kuileta ni kama ataondoka akijua alichotia saini.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Muuguzi anayeomba usajili Uingereza anahitaji uthibitisho wa masomo yake ya uuguzi, uthibitisho wa baraza lake kwamba amesajiliwa na hana kosa la kitaaluma, na kwa kawaida mtihani wa Kiingereza, ambao kwa IELTS (mmoja wa mitihani ya kimataifa ya lugha hiyo) unataka alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Baada ya hapo kuna mtihani wa kitaaluma unaofanywa kwa kompyuta, kisha mtihani wa vitendo unaofanyikia huko huko Uingereza. Kwa nchi za Ghuba, uhakiki wa vyeti mara nyingi hupitia kampuni ya DataFlow na mtihani hupitia kampuni ya mitihani ya Prometric. Mwaka 2021 aliyekuwa Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alieleza kwamba kati ya wauguzi 300 wa mwanzo waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Watu hao walisoma uuguzi kwa Kiingereza, lakini hakuna aliyewaandaa kwa mtindo wa mtihani wenyewe, na maandalizi hayo ni kazi ambayo chama kinaiweza bila kusubiri ruhusa ya mtu.

Kisha kuna mkataba wa ajira. Kifungu cha kuogopwa kuliko vyote ni kile kinachomtaka muuguzi akiacha kazi kabla ya muda fulani arudishe gharama za kuajiriwa kwake. Mwongozo wa Uingereza kuhusu uajiri wa kimataifa unataka kifungu hicho kiwe wazi, gharama zake ziwe za kweli na zinazolingana na hali, na pawe na nafasi ya kumvumilia mwenye shida. Mwanasheria wa chama anayekisoma atauliza mambo matatu: gharama zimeorodheshwa moja moja, deni linapungua kila mwezi unaofanyiwa kazi, na mwajiri akivunja mkataba nani analipa? Muuguzi aliyeko Uingereza kwa viza inayomfunga kwa mwajiri huwa na siku 60 za kupata mwajiri mwingine kazi ikikatika, kwa hiyo deni la aina hiyo humnyamazisha hata anapoonewa.

Haki ya mwanachama hapa iko juu kabisa. Mgonjwa anayebaki ndiye asiyepata kitu cha moja kwa moja, isipokuwa chama kikiendeleza uhusiano na walioko nje, kama wanavyofanya wauguzi Wafilipino walioko Marekani, ambao chama chao kilianzishwa mwaka 1979. Gharama zinaweza kulipiwa kwa ada ya huduma, na matokeo huonekana ndani ya mwaka mmoja. Hatari kubwa ni ya kimaadili: chama kikianza kupokea kamisheni kwa mawakala, kitakuwa kimekuwa wakala.

Inakifaa chama chenye wahitimu wengi wasio na ajira, na chama kidogo ambacho hakiwezi kugoma wala kuingia kwenye majadiliano ya kimataifa.

Njia ya nne: kuunga mkono vizuizi vya muda

Njia hii hupendekezwa zaidi na serikali kuliko vyama, lakini ipewe haki yake. Hoja yake ni kwamba elimu ya mhudumu wa afya imegharimiwa kwa kodi, na mwananchi wa kijijini aliyechangia ana haki ya kuhudumiwa. Afrika Kusini iliweka mwaka 1998 utumishi wa lazima kwa jamii kwa madaktari wapya, na utaratibu huo umeendelea.

Tatizo huanza kizuizi kinapowekwa baada ya mtu kuhitimu, bila kupewa chochote badala yake. Nchini Nigeria, mswada wa mwaka 2023 wa kuwataka madaktari wafanye kazi nchini miaka mitano kabla ya leseni kamili ulipingwa na chama cha madaktari walioko mafunzoni hospitalini, NARD, ambacho kiligoma Mei mwaka huo huku mswada huo ukiwa miongoni mwa malalamiko yake. Februari 2024 baraza la wauguzi na wakunga la nchi hiyo likataka miaka miwili ya kazi kabla ya kumthibitishia muuguzi vyeti vyake kwa ajili ya kwenda nje, na wauguzi wakaandamana. Huko Zimbabwe wauguzi waliwahi kunyimwa barua za uthibitisho, na chama chao kikalalamika.

Kizuizi ninachoona kinatetewa kwa haki ni kile cha mtumishi aliyelipiwa na mwajiri masomo ya ubingwa, akajua kabla ya kuanza kwamba atarudi kufanya kazi kwa miaka kadhaa. Hapo mgonjwa anafaidika, masharti yanajulikana, na mwanachama amepata kitu. Nje ya hapo, chama kinachounga mkono kizuizi hupoteza imani ya vijana wake.

Inaweza kukifaa chama cha mabingwa wachache, ambao wawili wakiondoka kwa pamoja huduma nzima inasimama katika hospitali ya rufaa.

Uchaguzi kwa hali mbalimbali

Ikiwa wanachama wengi wanaoondoka walikuwa bila ajira, njia ya tatu ndiyo ya kuanzia, ikifuatwa na ya pili, na wakati huohuo chama kiendelee kuidai serikali vibali vya ajira, kwa maana nafasi zikifunguliwa baadhi yao hawataondoka kabisa.

Ikiwa wanaoondoka ni wenye uzoefu na chama chenu kina haki ya majadiliano, njia ya kwanza itangulie. Chagueni dai moja linalogusa wale hasa mnaowapoteza, kwa mfano posho ya wauguzi wa wagonjwa mahututi au muundo wa vyeo vya wakunga wabobezi, badala ya orodha ndefu ambayo mwajiri ataitumia kuchelewesha kila kitu.

Ikiwa nchi yenu imo katika orodha ya WHO na haina mkataba na nchi inayowachukua watu wenu, ushauri wa haraka ni wa kuwaeleza wanachama sheria inaruhusu nini, ili asije mtu akamlipa wakala anayedai kumfungulia mlango ambao tayari uko wazi kwa mwombaji binafsi. Baada ya hapo shinikizo la mkataba lianze wizarani.

Ikiwa mkataba tayari unajadiliwa, dai la kwanza liwe kuiona rasimu, la pili liwe kiti katika kamati ya ufuatiliaji, na la tatu liwe kifungu kinachotaja ni kada gani hazitaguswa.

Ikiwa chama ni kidogo na hakina fedha, kianze na daftari. Kila mwanachama anayeomba uthibitisho wa vyeti aulizwe kwa hiari yake kama ameajiriwa, yuko idara gani, ana uzoefu wa miaka mingapi na anakwenda wapi. Baada ya mwaka mmoja chama kitakuwa na takwimu ambazo pengine hata wizara haina, na kitaweza kuchagua kati ya njia hizi nne kwa kuwajua watu wake wenyewe.

Ikiwa ninyi ni Watanzania au Wakenya mnaofanya kazi hospitali za Uingereza, Marekani au Ghuba na mna chama chenu huko, kazi ambayo vyama vya nyumbani haviwezi kuifanya vizuri ni ya kumpokea mgeni wiki yake ya kwanza, kumsomea mkataba wake kabla hajaanza kazi, na kuwatumia wenzenu nyumbani majina ya waajiri na mawakala waliokiuka mikataba, pamoja na ushahidi wake, ili vyama vilivyoko huko viwaonye wanaofuata.